NI NANI ALIYEKUPA RUHUSA?

Vijana wa shule zetu za Musienene na Butembo huuliza swali ambalo babu zao hawakupata kuulizwa. Wasema hivi: Nikijua namba ya siri ya mtu pasipo kumwibia, kwa kuwa aliitaja mwenyewe mbele yangu, au nikikuta ameacha sanduku lake la barua wazi katika kompyuta ya shule, je, ni kosa kuingia na kutazama? Sikuvunja kitu wala sikuchukua kitu.

Swali hili lataka jibu la sheria. Jibu la adabu kila mtoto aliyelelewa vema amekwisha kulijua: barua ya mwingine haisomwi, hata ikiwa imefunguliwa. Lakini juu ya sheria wengi hukosea, hata watu wazima wenye diploma, nao hukosea kwa pande mbili. Wengine hudhani ya kuwa penye mlango wazi hapana kosa. Wengine hudhani ya kuwa kila jambo lisilompendeza mwenye mtambo ni jela. Yote mawili si kweli, na mtu aweza kupoteza fedha ya karo ya watoto, au hata uhuru wake, kwa kutojua mpaka ulipo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wengi wetu hudhani ya kuwa fedha waliyopelekewa kwa M-Pesa au Airtel Money imo ndani ya simu, kama noti zilivyo ndani ya mfuko. Sivyo. Fedha imeandikwa katika daftari la kampuni, na daftari hilo limo ndani ya kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo haiko Musienene wala Butembo. Mama anayeuza maharagwe sokoni akibonyeza namba zake za siri, simu yapeleka ombi kwa njia ya mnara wa kilimani mpaka kwenye seva. Seva yatazama ni laini gani inayouliza, na kama namba ya siri ndiyo ile iliyoandikwa. Ikiona yapatana, yafungua. Haina macho. Haiwezi kujua kama aliyebonyeza ni mama mwenyewe, au mwanawe aliyetumwa, au mwizi. Hapo ndipo sheria inapoanza kazi yake, kwa maana seva hutambua namba tu, na sheria humtafuta mtu.

Ndivyo ilivyo kwa barua za intaneti, kwa Facebook, kwa alama za mitihani ya chuo kikuu, na kwa majina ya wagonjwa yaliyoandikwa katika kompyuta za hospitali. Mwenye kuvitumia vitu hivi hukaa huku na simu yake. Vitu vyenyewe viko kule.

Sheria ya zamani haikulijua jambo hili. Kitabu cha sheria za makosa cha Kongo, ambacho chanzo chake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, chamwadhibu mtu avunjaye nyumba ya mwenzake, kadhalika afunguaye barua isiyo yake. Lakini seva si nyumba yenye ukuta, wala barua iliyomo si karatasi yenye bahasha. Je, hakimu aweza kuinyosha sheria ya nyumba mpaka ifike kwenye seva? Waingereza walijaribu kufanya hivyo, na hadithi yao yafaa kusimuliwa, kwa sababu nchi nyingi zilijifunza kwayo.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya British Telecom ilikuwa na huduma iliyoitwa Prestel. Watu waliilipia, wakasoma habari na kupelekeana barua kwa njia ya waya wa simu na kioo kama cha televisheni. Robert Schifreen, mtu aliyeandika habari za kompyuta magazetini, siku moja alijaribu tu: akabonyeza namba 2 mara nyingi mahali pa jina, kisha 1234 mahali pa neno la siri. Mlango ukafunguka. Akaendelea kutafuta, na yeye na mwenziwe Stephen Gold wakafika mbali sana, hata kwenye sanduku la barua la Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II. Hawakuiba fedha. Wakakamatwa mwaka 1985, na mwaka 1986 korti ikawatoza faini, mmoja pauni 750 na mwingine pauni 600.

Lakini kwa sheria gani? Kwa sheria ya mwaka 1981 juu ya hati za uongo na fedha za bandia, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Waendesha mashtaka walidai ya kuwa kubonyeza jina la mtu mwingine ni kutengeneza hati ya uongo. Korti ya rufani mwaka 1987 ikakataa, na mwaka 1988 Baraza la Malodi, iliyokuwa korti ya juu kabisa ya nchi ile, likakataa vilevile: namba zilizokaa ndani ya mashine kwa nukta chache, kisha zikafutika, si hati. Watu wale wawili wakarudi kwao huru. Twaona ya kuwa majaji walifanya vema. Mtu asihukumiwe kwa sheria iliyovutwa kama ngozi ya ngoma mpaka imfikie. Bunge likaona aibu, likatunga sheria mpya mwaka 1990, nayo ikasema wazi ya kuwa kuingia katika kompyuta pasipo ruhusa ni kosa kwa lenyewe, hata kama aliyeingia hakuchukua kitu.

Kongo yetu ilikawia, lakini ilifika. Ilikuwako kwanza sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya simu na mawasiliano. Kisha ikaja amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo wanasheria wetu huiita kwa Kifaransa Code du numérique. Hii yataja mtu aingiaye kwa kusudi katika mtambo wa kompyuta asipokuwa na haki, na pia mtu akaaye ndani asipokuwa na haki. Tena yamtaja yule aliyepewa ruhusa kweli, kisha akavuka mipaka yake kwa hila au kwa nia ya kudhuru.

Wafanyabiashara wa Butembo hupita Kasindi kwenda Kampala, na mizigo yao hutoka Mombasa. Wengine hufika hata Dar es Salaam. Basi yawapasa kujua ya kuwa majirani nao wana sheria zao, wala hazifanani katika yote. Uganda ilitunga yake mwaka 2011. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 haiulizi kama palikuwa na kufuli: aliyeingia kwa makusudi na kinyume cha sheria atatozwa faini isiyopungua shilingi za Tanzania milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 yataka jambo moja zaidi, yaani kwamba mtu amevuka ulinzi uliowekwa, hali akijua ya kuwa hana ruhusa. Adhabu yake yaweza kufika shilingi za Kenya milioni 5, au miaka 3 ya kifungo, au vyote viwili. Basi yule kijana aliyekuta sanduku la barua wazi angeweza kujitetea Nairobi kwa njia ambayo isingemfaa Dodoma. Lakini yule aliyebonyeza namba ya siri ya shangazi yake asitumaini utetezi huo, maana namba ya siri ndiyo kufuli lenyewe.

Sasa twafika penye kiini. Katika sheria hizi zote neno zito ni ruhusa, na ruhusa si kitu kimoja na kujua namba. Mama mgonjwa humwambia mwanawe: Chukua simu yangu, namba ni hii, lipa dawa. Mwana akilipa dawa, ameingia kwa haki. Juma lijalo akiingia tena na kujipelekea franka za kununulia viatu, amebonyeza namba ile ile, katika simu ile ile, na seva imemfungulia vilevile. Lakini ruhusa aliyopewa ilikuwa ya dawa, nayo ilikwisha siku ile ya dawa. Hatusemi ya kuwa kila mama ampeleke mwanawe kwa hakimu. Twasema ya kuwa mwana asijidanganye kwa kusema: Alinipa namba mwenyewe.

Ruhusa ina mwisho hata kama hakuna aliyeutangaza. Hapo ndipo ofisi zetu ndogo zilipo hatarini zaidi, maana hatuna desturi ya kubadili kufuli mtu anapotoka kazini. Mwandishi wa shule ahamia Beni, na mwaka mzima baadaye bado aweza kufungua sanduku la barua la shule akiwa huko. Mweka hazina wa chama cha akiba akiondolewa katika uchaguzi, namba ya siri ya fedha za wanachama yabaki kichwani mwake. Huyo si lazima awe mwizi. Pengine afungua kwa mazoea, au kwa kutaka kuona kama mrithi wake afanya vizuri. Sheria ya Tanzania inayo kifungu kizima juu ya mtu anayebaki ndani ya mtambo au kuendelea kuutumia baada ya muda wake kwisha. Ile ya Kenya yamtaka mfanyakazi arudishe namba na funguo zote za mtambo mara anapoachishwa kazi. Asipofanya hivyo aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka 2. Sisi twaona ya kuwa wakuu wa shule na wa vyama wasingoje mwenzao ajaribiwe. Siku ya kukabidhiana madaftari na mihuri iwe pia siku ya kubadili namba za siri, mbele ya mashahidi, na iandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la laini za simu ni gumu kuliko hayo. Watu wengi katika Beni na Lubero wamekimbia vita wakiacha karatasi zao nyuma, na asiye na kadi ya mchaguzi au kitambulisho kingine huomba jamaa amwandikishie laini kwa jina lake. Basi mama atumia laini miaka mitatu, aweka akiba yake humo, lakini katika daftari la kampuni mwenye laini ni mpwa wake aliyeko Goma. Siku wakigombana, mpwa aenda kwenye ofisi ya kampuni na kitambulisho, asema simu imepotea, apewa kadi mpya, na akiba yote iko mikononi mwake. Ni nani hapa asiye na ruhusa? Kwa kampuni, mpwa ndiye mwenye laini. Kwa haki, fedha ni ya mama, na korti yaweza kumsikiliza akileta mashahidi na ujumbe wa kila fedha iliyoingia. Lakini kesi huchukua miezi, na wakili hataki maharagwe kuwa malipo. Mwenye laini ya namna hiyo aende mapema kuiandikisha kwa jina lake, mpwa akiwa bado mpwa mwema.

Tuliahidi kusema juu ya kosa la upande wa pili, la kuona jela kila mahali. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, alikuwako sajini wa polisi jina lake Nathan Van Buren. Kwa kazi yake alikuwa na haki ya kufungua mtambo wenye namba za magari yote. Mtu mmoja akamwahidi dola 5,000 hivi ili amtafutie habari za gari la mwanamke fulani. Sajini akafungua kwa jina lake na neno lake la siri, akatazama. Kumbe ulikuwa mtego wa polisi wa serikali kuu. Akahukumiwa kwa sheria ya kompyuta ya mwaka 1986, ya kwamba amevuka ruhusa yake. Lakini tarehe 3 Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 6 dhidi ya 3, ikasema sivyo: ile sehemu ya mtambo ilikuwa wazi kwake, basi hakuvuka kizuizi chochote, hata kama aliitumia kwa nia mbaya.

Wasomaji wengine watashangaa, na sisi pia hatumsifu sajini yule. Lakini hofu ya majaji ilikuwa ya kweli. Kama kila anayevunja kanuni ya huduma amevunja sheria ya makosa, basi watu wengi mno ni wahalifu. Facebook yataka mtu awe na miaka 13. Mtoto wa miaka 11 aandikaye kwamba ana 15 amesema uongo, na wazazi wamwadhibu, lakini je, apelekwe kwa prokureri kama mvunja nyumba? Mfanyakazi aliyekatazwa kusoma habari za mpira katika kompyuta ya ofisi, naye je? Mwenye huduma asipewe uwezo wa kutunga makosa ya jinai kwa kuandika kanuni ndefu ambazo hakuna azisomaye. Amfungie akaunti yake, yatosha. Sheria yetu ya Kongo yaonekana kutafuta njia ya katikati: kwa aliye na ruhusa yauliza kwanza kama alikuwa na hila au nia ya kudhuru. Kwa hakika mganga wa hospitali anayefungua habari za mgonjwa wa jirani yake ili kuzitangaza sokoni, asikimbilie maneno ya majaji wa Washington. Hayatamwokoa hapa.

Wanafunzi wanaojifunza kompyuta hutuletea swali lao pia. Wasema: Mimi najaribu milango ya seva ya chuo ili nione udhaifu, kisha niwaambie wakuu, hiyo ni huduma njema. Nia ni njema, lakini utaratibu umepinduka. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe iliwaalika watu wajaribu baadhi ya mitambo yake. Zaidi ya watu 1,400 wakajiandikisha, nao wakafichua kasoro 138 zilizokubaliwa, na wengine wakalipwa. Wote walikuwa na ruhusa iliyoandikwa kabla ya kugusa chochote, yenye kutaja mtambo upi na siku zipi. Mwezi Mei 2022 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walitangaza ya kuwa hawatawashtaki wachunguzi wenye nia njema. Tangazo hilo ni la kwao. Kijana wa Butembo atake kwanza karatasi yenye sahihi ya mkuu wa chuo. Asiyetaka kuitia sahihi amekwisha kumjibu.

Na ushahidi je? Kila seva iliyotunzwa vema huandika yote: siku, saa, jina la akaunti, na anwani ya namba ya mtambo ulioingia. Watu husikia hivyo wakadhani mwenye kosa hujulikana mara moja. Lakini vijana kumi wakikaa katika nyumba moja ya intaneti mjini Butembo, wote hutokea duniani kwa anwani moja, kama watu wa ua mmoja wanaopita lango moja. Daftari la seva laonyesha lango, halionyeshi uso. Basi aliyeazima akaunti yake kwa rafiki ndiye atakayeulizwa wa kwanza, na mwenye nyumba ya intaneti asiyeandika nani alikaa wapi saa ngapi ataulizwa wa pili. Hakimu naye asiridhike upesi na jina lililo katika karatasi ya seva. Kijana asiye na hatia aweza kulala gerezani kwa sababu tu neno lake la siri lilikuwa jina la timu anayoipenda.

Neno moja juu ya wenye mamlaka, maana nao huingia. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya siri ya barua zake, ya simu zake na ya mawasiliano mengine yoyote, na haki hiyo haiguswi ila pale sheria inapotaja. Basi askari anayemwamuru msafiri afungue simu na kusoma ujumbe wake hapati ruhusa kutoka katika sare yake. Yampasa aionyeshe katika sheria. Hatuwashauri wasomaji wabishane na mwenye bunduki barabarani. Twawashauri wakumbuke mahali, siku na saa, wamwambie wakili au tume ya haki wakiisha kufika salama.

Na yule ambaye mgeni amekwisha kuingia katika akaunti yake, afanye haya bila kuchelewa. Aiambie kampuni izuie laini, kwanza kwa simu ya jirani ikiwa ofisi iko mbali. Abadili namba ya siri, wala asichukue mwaka wake wa kuzaliwa. Asifute ujumbe wowote, hata wa kuchukiza, maana huo ndio ushahidi wake. Aandike kiasi kilichotoka, kilikwenda kwa namba gani na saa ngapi, kisha aende kushtaki akiwa na karatasi hiyo. Na mtu akimpigia simu siku ya pili, akijiita mfanyakazi wa kampuni na kutaka namba mpya ya siri ili amrudishie fedha yake, akate simu. Mfanyakazi wa kweli haiulizi.